Arosto ni nini?

Mtumiaji wa heroini akichelewa kupata dozi, wenzake husema ana arosto. Anapiga miayo mfululizo, kamasi zinamchuruzika, anatokwa na jasho huku akisikia baridi, tumbo linaharisha, na viungo vyote vinamuuma. Asiyejua hudhani ni dawa inamtesa. Kumbe dawa imeshaisha mwilini, na hapo ndipo mateso yanapoanzia.

Heroini ikiingia kwenye ubongo hugeuka mofini, ikanasa kwenye vipokezi vilivyokusudiwa kemikali ambazo ubongo hujitengenezea ili kutuliza maumivu. Ikishanasa, hupoza mambo mengi kwa mpigo: maumivu, pumzi, mwendo wa utumbo, hata noradrenalini, ile kemikali inayotuweka macho. Dozi zikifuatana siku baada ya siku, ubongo huanza kushindana nazo. Vipokezi hupunguza usikivu, na seli zilizokandamizwa huongeza nguvu ili kazi ziende. Ni kama kuendesha gari ambalo breki imegoma kuachia: unazoea kukanyaga mafuta hadi mwisho. Siku breki ikiachia ghafla, gari linachomoka.

Ndiyo maana dalili za arosto ni kinyume cha dawa yenyewe. Dawa ilifunga choo, arosto inaharisha. Dawa ilibana mboni za macho, arosto inazitanua. Dawa ilisinziza, arosto inakesha. Kwa heroini huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, hupamba moto siku ya pili au ya tatu, kisha hufifia ndani ya wiki moja hivi. (Mnywaji wa kahawa anayeumwa kichwa siku aliyoikosa anaonja jambo lilelile, kwa kipimo chepesi.)

Arosto ya heroini inatisha kuitazama, lakini ya pombe ndiyo hatari zaidi. Mlevi wa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kupata degedege, kisha kuweweseka na kuona visivyokuwepo, na wengine hufa. Huyo asiache peke yake nyumbani. Aache chini ya uangalizi wa daktari.

Kwa wa heroini, hatari kubwa huja arosto ikishapita. Vipokezi vimerudia usikivu wake na mazoea yamefutika. Akirudia kiasi kilekile alichokuwa akikimudu zamani, pumzi inaweza kukatika.