Upara na wigi la kiume: maswali ya wanaume wa Moshi na Arusha

Nina miaka 34. Nywele zimerudi nyuma pande zote mbili za paji, na utosini pamebaki wazi. Nitafute wigi moja kwa moja?

Bado. Kwanza ijulikane nywele zimeondokaje. Zikipungua polepole kwa miaka, zikianzia pembe za paji na utosini huku za kisogoni na za pembeni zikibaki, kwa kawaida huo ni upara wa kurithi. Homoni iitwayo DHT huidhoofisha mizizi, na kila unywele mpya huota mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia. Upara huu hauumi wala hauachi kovu, kwa hiyo wigi juu yake halifichi ugonjwa wowote.

Hali nyingine zinahitaji daktari kabla ya fundi wa wigi. Kiraka cha duara kilichotokea ndani ya wiki chache mara nyingi kinatokana na kinga ya mwili kuishambulia mizizi, na nywele zake huweza kurudi. Nywele zilizonyonyoka ovyo kama nguo iliyoliwa na nondo, hasa ukiwa na upele viganjani au nyayoni, zinaweza kuwa dalili ya kaswende, na hiyo hupimwa kwa damu na kutibika. Nywele zikipukutika kichwa kizima, kumbuka kama miezi 2 au 3 iliyopita ulipata homa kali, ulipasuliwa au ulikonda ghafla. Nyingi za namna hiyo huota tena zenyewe.

La kuogopa zaidi ni kovu. Ngozi iliyobadilika rangi, inayong'aa na isiyoonyesha tena vitundu vya nywele, au vipele vigumu vya kisogoni vinavyozidi kila ukinyoa, ni dalili kwamba mizizi inakufa. Mzizi uliokufa haufufuki, na chini ya wigi hutaona kidonda kikipanuka. Moshi ina bahati: pale hospitali ya KCMC kipo kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanza mwaka 1992. Kutoka Arusha ni kama kilomita 80. Nenda kabla hujatoa pesa ya wigi.

Dawa je?

Kwa upara wa kurithi, minoxidil ya asilimia 5 hupakwa mililita 1 mara 2 kwa siku kwenye ngozi kavu, na matokeo hayahukumiwi kabla ya miezi 4. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi; usikate tamaa kwa hilo. Ukiiacha, ulichopata kinaondoka. Vidonge vya finasteride vya miligramu 1 huandikwa na daktari. Wanaume wengine hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa, na dawa hii hushusha karibu nusu kipimo cha damu cha tezi dume kiitwacho PSA, kwa hiyo mtajie daktari anayekupima kwamba unaitumia. Mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika. Minoxidil na gundi ya wigi havikai pamoja mahali pamoja, kwa sababu dawa hiyo huilegeza gundi.

Wigi gani linafaa joto la Moshi?

Angalia kitako chake, yaani kile kinachogusa ngozi, kabla ya kuangalia nywele. Kitako cha wavu mwembamba hupitisha hewa na jasho, na ndicho tunachokipendelea kwa mtu wa Moshi, hasa Januari hadi Machi. Hata hivyo huchanika upesi, na ukiwa mwangalifu kitakaa miezi michache tu. Kitako cha plastiki laini hubandika vizuri na kusafishika kwa urahisi, ila jasho hukwama chini yake. Arusha Juni na Julai utakivumilia vizuri.

Nywele nazo ziwe za aina yako. Mengi yanayouzwa ni ya singa, na singa juu ya kichwa chenye kipilipili pembeni huonekana toka ng'ambo ya barabara. Mawigi ya kipilipili hutajwa kwa upana wa mviringo wa nywele: milimita 4, 6 au 8. Chukua unaolingana na nywele zako za juu ya masikio, si wa picha. Nywele za plastiki hujikunja na kuyeyuka karibu na jiko la mkaa au la nyama choma.

Kipimo kinachukuliwaje?

Funika kichwa kwa nailoni ya kufungia chakula, ivute mpaka ikae bila mikunjo, kisha ipige selotepu juu yote hadi iwe ngumu kama kofia. Chora mpaka wa upara kwa kalamu ya wino mzito, weka alama ya katikati mbele na nyuma, halafu kata. Mstari wa mbele uanze vidole 4 juu ya katikati ya nyusi, na pembe zirudi nyuma kidogo. Kosa kubwa kuliko yote ni kuushusha mstari kama wa kijana wa miaka 16. Uso wa mtu mzima unalikataa hilo.

Kubandika kunafanywaje?

Siku 2 kabla, paka gundi tone dogo ndani ya kiwiko uache saa 48. Kukiwasha au kuvimba, gundi hiyo si yako. Supa gluu isikaribie kichwa kamwe.

Siku yenyewe nyoa eneo la ndani ya mchoro kwa mashine iliyosafishwa, maana mchubuko mdogo ni mlango wa virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI. Osha kwa sabuni, kausha, futa kwa spiriti ya asilimia 70, subiri ikauke. Paka gundi tabaka jembamba, liache likauke mpaka lipoteze weupe, kisha paka la pili. Wanaopaka tabaka moja nene wanapata gundi iliyokauka juu na mbichi chini, ndiyo maana ukingo wa mbele huinuka siku ya tatu. Anza kubandika mbele katikati, shuka nyuma polepole, kandamiza kwa kitana. Usioge kichwa wala kufanya kazi ya jasho kwa saa 24.

Kwenye joto, libandue kila baada ya siku 7 hadi 10. Nyunyizia dawa ya kubandulia kwenye kingo, subiri dakika 5, inua taratibu; likigoma, ongeza dawa. Kulivuta kwa nguvu hung'oa nywele zako zilizobaki. Osha kitako mpaka gundi iishe, na kichwa kipumzike usiku mmoja. Mafuta ya nazi yasifike kingoni.

Harufu, muwasho na vipele vyenye usaha?

Bandua siku hiyohiyo na usirudishe mpaka ngozi ipone. Usaha ni maambukizi ya vitundu vya nywele kutokana na jasho lililofungiwa. Wekundu unaofuata mpaka wa gundi sawasawa ni mzio, na huo haukomi kwa kubadilisha sabuni.

Mimi ni Mwislamu. Udhu?

Gundi huzuia maji kufika kwenye ngozi. Lipo pia suala la hukumu ya kuunganisha nywele, ambalo ni la sheikh wako kulijibu, na umuulize kabla ya kununua. Kwa upande wetu, wigi la klipu, lisilo na gundi, huvulika kwa dakika moja, lakini linahitaji nywele zako za pembeni zenye nguvu. Klipu zikivuta pale pale kila siku, nywele hizo nazo hukatika. Klipu za chuma zivuliwe kabla ya kipimo cha MRI, kile cha mashine ya sumaku.

Nafanya kazi ya kupandisha wageni Kilimanjaro. Nipande nalo?

Usipande nalo. Siku 6 au 7 bila kuoga kichwa, jasho mchana, kofia ya sufu usiku, na vumbi la njia ya kushukia, yote chini ya gundi. Libandue jioni kabla ya kupanda, uliweke kwenye kiunzi chake mbali na jua, na kofia itafunika kichwa mpaka urudi. Ukishuka, osha kichwa, kagua ngozi, ubandike kesho yake.