Rubani wa Malindi hakuwa Ibn Majid

Tumezoea kusoma kwamba Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar, mji wa pwani ya Uarabuni, ndiye aliyeziongoza merikebu tatu za Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498. Habari hiyo chanzo chake ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwandishi wa Makka aliyeandika miongo mingi baada ya safari yenyewe, naye anadai kwamba Ibn Majid alitoa siri ya njia akiwa amelewa, tuhuma ambayo kwa maoni yangu imemdhulumu mtu huyo mno. João de Barros, mwanahistoria wa Ureno, anamtaja rubani mwingine, Mwislamu wa Gujarat, ambaye alikunjua ramani ya pwani yote ya India mbele ya Wareno, na alipoonyeshwa astrolabu yao kubwa ya mbao hakushangaa hata kidogo, kwa kuwa vyombo vya kupimia jua na nyota alikuwa akivifahamu. Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi ikianza kuvuma, na tarehe 20 Mei walikuwa karibu na Calicut.