Andalio la somo na rasimu yake

Kwa wiki kadhaa sasa, katika ofisi ya walimu hapa Kigoma, nimekuwa nikisikia wenzangu wakisema kwamba akili mnemba (AI) "imewatolea andalio la somo", na kila nisikiapo neno hilo likitumika hivyo naona tunapoteza jambo la maana. Andalio la somo ni mpango wa kufundisha kipindi, unaotokana na azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha wa muda mrefu zaidi, na kuonesha umahiri unaolengwa, hatua za ufundishaji na upimaji.

Hayo kila mwalimu anayajua. Kinachosahaulika ni umbo la neno lenyewe. Kitenzi ni andaa. Kikiingia katika kauli ya kutendea, sauti l iliyojificha hujitokeza, tukapata andalia, kama kaa inavyotupatia kalia. Kutoka andalia huzaliwa andalio, kwa njia ileile ambayo kimbilia hutupatia kimbilio. Vitenzi vya kauli hii havikai peke yake: tunakimbilia mahali, tunakalia kiti, tunamwandalia mtu. Mtu huyo yumo ndani ya neno. Ndiyo maana fomu yetu ya andalio, kabla ya kufika kwenye hatua za somo, huuliza idadi ya wanafunzi walioandikishwa na waliohudhuria, wasichana na wavulana, na mwishoni huacha nafasi ya tathmini na maoni, ambayo hujazwa kipindi kikiisha. Programu kama ChatGPT, iliyotolewa Novemba 2022, hupanga hatua za somo kwa muda mfupi sana, lakini nafasi hizo haina cha kuzijazia, kwa kuwa haikuingia darasani.

Kinachotoka kwenye programu kina jina lake zuri, nalo ni rasimu, kutokana na neno la Kiarabu rasm, yaani mchoro. Mwalimu mmoja aliniletea somo la mnyororo wa chakula lenye majani, swala na simba. Kisayansi halikuwa na kosa. Alipolisoma upya akiwafikiria watoto wake, ambao wengi wanatoka Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, na wanaona dagaa wakianikwa kila siku, aliwaondoa swala na simba, akaweka vijimea vya ziwani, vijidudu vinavyovila, dagaa wanaokula vijidudu hivyo, na samaki aina ya migebuka wanaowala dagaa. Hapo ndipo rasimu ilipogeuka andalio, na kazi hiyo aliifanya yeye.

Sisemi mtu aache kuitumia programu hiyo, kwa maana mwalimu mwenye vipindi vingi anahitaji kila msaada. Ninachomwomba anayeniletea karatasi hizo nizitie saini ni kwamba aandike juu yake "rasimu ya andalio", na neno rasimu alikate kwa kalamu yake mwenyewe baada ya kuwahesabu waliohudhuria.