Kufungua tar.gz kwenye terminali maana yake nini hasa

Wengi wameikariri tu komandi ya kufungulia .tar.gz, tar -xzvf, wanaipesti kwenye terminali (lile dirisha la kuandikia komandi) wanaomba Mungu, alafu siku wakikutana na faili linaloishia na .tar.xz au .zip wanakwama. Ukielewa kwamba hapo kuna kazi mbili tofauti hizo herufi hata huhitaji kuzikariri.

Kazi ya kwanza ni kukusanya. tar yenyewe haipunguzi ukubwa wa kitu chochote, inachukua mafaili na mafolda yako inayapanga moja baada ya jingine ndani ya faili moja, pamoja na majina, tarehe na ruhusa zake. Ilitoka na Unix (mfumo wa kompyuta wa zamani) toleo la 7 mwaka 1979, enzi hizo bekapu zinaandikwa kwenye kanda za sumaku, ndo maana mpaka leo inapanga data kwa vipande vya baiti 512 na inasomwa kuanzia mwanzo kwenda mwisho, hamna sehemu moja yenye orodha ya vitu vyote. Kazi ya pili ni kubana na hiyo ni ya programu nyingine kabisa: gzip kama faili ni .tar.gz, bzip2 kama ni .tar.bz2, xz kama ni .tar.xz. Yaani kama mitumba, tar anazikusanya nguo pamoja, gzip ndo mashine inayozishindilia ziwe belo.

Basi x ni toa, z ni gzip, j ni bzip2, J kubwa ni xz, v inakuonyesha majina yakipita (mi naona inajaza skrini bure tu), na f inasema jina la faili linafuata. Hiyo f ikae mwisho, ukiandika tar -xfz itadhani faili lako linaitwa z na itakwambia halipo. Kwenye Linux za siku hizi wala huhitaji kutaja z au J, tar -xf peke yake inatosha, inatambua yenyewe limebanwa na nini.

Ila usikimbilie kufungua, anza na tar -tf uone kilichomo. Kuna watu wanapaki bila kuweka folda ya nje, ukifungua unakuta mafaili kibao yamemwagika kwenye hom yako (folda yako kuu) yamechanganyika na ya kwako, na ubaya zaidi ukiwa na faili lenye jina lile lile tar inaandika juu yake bila kukuuliza, tofauti na unzip ambayo inauliza kwanza. Kwa hiyo tengeneza folda kwa mkdir, tuseme mpya, alafu tar -xf kitu.tar.gz -C mpya, na hiyo folda iwepo kabla manake tar haitakutengenezea.

Zip sasa yenyewe inafanya kazi zote mbili, inabana kila faili peke yake na orodha ya yaliyomo inaiweka mwishoni. Hapa ndo bando likikata katikati ya kudanlodi utaona tofauti: zip iliyokatika unzip inaigomea maana ule mwisho haupo, wakati tar.gz iliyokatika inakutolea yale yaliyofika alafu ndo inalalamika faili limeisha kabla ya wakati.

tar ya Linux nyingi haifungui zip, tumia unzip na folda unaitaja kwa -d. Ya Mac inafungua, na hata Windows 10 tangu 2018 imekuja na tar yake kwenye komandi promti na hiyo nayo zip inaifungua, sijui kwa nini watu bado wanahangaika kutafuta programu zilizokrakiwa za kufungulia zip.

Kama unatumia 7z, programu nyingine ya kufungua mafaili yaliyobanwa, andika 7z x, sio 7z e, hiyo e inatoa mafaili yote inayarundika sehemu moja na mpangilio wa mafolda unapotea.