Mimi Sina Mtihani, Dada

Kila Jumamosi asubuhi baba mmoja humleta binti yake, mwanafunzi wa darasa la nne, katika maktaba ya mkoa ninakofanya kazi, kisha huegesha pikipiki chini ya mwarobaini na kusubiri hadi saa sita. Siku moja jua lilipokuwa kali nilitoka nikamkaribisha ndani. Alinishukuru kwa adabu, akajibu bila utani wowote: “Mimi sina mtihani, dada.”

Nimekaa miaka mingi katika sehemu ya watoto, na sijasikia sentensi inayoeleza vizuri zaidi kwa nini familia nyingi hupita mbele ya maktaba ya umma bila kuingia. Tumeizoea kama chumba cha kujisomea. Wanafunzi huja na madaftari yao na madesa waliyotoa fotokopi, hutafuta meza, feni na utulivu ambao nyumbani haupatikani, na jioni huondoka bila kugusa rafu hata moja. Siwalaumu, kwa maana nyumba yenye vyumba viwili na watu saba haina pa kusomea, na kuwapa meza ni sehemu ya kazi yetu. Shida ni kwamba wazazi, wakiona umati huo wa sare za shule, huamini kwamba na vitabu navyo ni vya wenye mtihani.

Huduma hii haikuanzishwa kwa fikra hiyo. Sheria ya kwanza ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, nchi ikiwa bado changa, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 1975 ndiyo iliyoiunda upya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania tunayoijua leo. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Maktaba na elimu hiyo zilitegemeana, kwa sababu mtu mzima aliyejifunza kusoma katika kisomo, kisha akarudi nyumbani kusiko na maandishi yoyote ya kumvutia, husahau taratibu alichojifunza. Maktaba ilikusudiwa kumlisha msomaji huyo, na watoto wake pamoja naye.

Nilimwuliza yule baba anafanya kazi gani. Aliniambia anafuga kuku, na kwamba wiki mbili kabla alikuwa amepoteza vifaranga wengi bila kujua chanzo. Nikampeleka moja kwa moja kwenye namba 636.5.

Hapa inafaa nieleze namba zile zilizobandikwa kwenye migongo ya vitabu, maana wengi huziona kama siri ya wakutubi. Mpangilio tunaoutumia, uitwao Dewey, huyagawa maarifa katika makundi makuu kumi, kisha kila tarakimu inayoongezwa hulipunguza eneo: 600 ni maarifa ya kutumia mikono na ufundi, 630 ni kilimo, 636 ni mifugo, na 636.5 ni kuku. Mapishi yako 641.5, malezi ya watoto 649, na ngano za kale 398.2. Ukishaijua namba ya jambo lako, utaikuta hiyo hiyo katika maktaba nyingine yoyote inayofuata mpangilio huu, na vitabu vya jirani yake vitakuwa vya mambo ya jirani. Mtu aliyekuja kutafuta kinga ya kideri, ugonjwa unaoua kuku, huweza kuondoka na kitabu cha kutengeneza chakula cha kuku, ambacho hakujua kwamba anakihitaji.

Hata hivyo, faida ninayoiona kwa macho kila siku iko kwa watoto ambao bado hawajaanza shule. Mtoto wa miaka minne hupenda kusomewa kitabu kile kile mara kumi, na safari ya kumi na moja hukikataa kabisa. Mzazi anayenunua atachoka. Anayeazima atakirudisha na kuchukua kingine. Ninawashauri wazazi wasikimbilie maneno. Fungua ukurasa, mwache mtoto atazame picha, mwulize sungura anaenda wapi na kwa nini fisi amenuna, ndipo usome. Kesho yake mwache yeye ndiye akusimulie. Akikosea mfuatano wa matukio usimkatize, kwani kupanga jambo la kwanza, la pili na la tatu kwa kinywa chake mwenyewe ndiyo kazi atakayotakiwa kuifanya baadaye kwa kalamu.

Wazazi wengi huniomba vitabu vya Kiingereza tu, na baadhi hukunja uso nikiwapa cha Kiswahili. Ninashikilia msimamo wangu. Mtoto anayejifunza kusoma hulikisia neno asilolijua kwa msaada wa maana ya sentensi nzima, na maana hiyo huipata kwa urahisi katika lugha anayoisikia jikoni na uani. Akishaujua mchezo huo wa kukisia na kuhakikisha, atauhamishia kwenye Kiingereza. Asiyeujua hukariri sauti tu, na mtu asiyemsikiliza kwa makini hudhani anasoma.

Sitaficha upungufu wetu. Wilaya nyingi hazina maktaba, na palipo na maktaba baadhi ya vitabu ni vya zamani mno. Ada ya uanachama ipo, na kuna fomu ya kujaza na mdhamini wa kutafuta. Lakini kinachowazuia wazazi kuazima, kwa jinsi ninavyowasikia dawatini, mara nyingi ni hofu kwamba mtoto atakichana kitabu nao watadaiwa. Vitabu vya watoto huchanika. Tulilijua hilo tangu tulipoviweka rafuni. Ukurasa ukichanika usiubandike selotepu, kwa sababu gundi yake hugeuka njano na kuila karatasi. Uweke ndani ya kitabu ulivyo, ukilete, useme.

Yule baba sasa ana kadi. Kitabu cha kwanza alikirudisha siku tatu baada ya tarehe iliyogongwa muhuri, kikiwa na unyoya mdogo wa kuku katikati ya kurasa zinazohusu chanjo. Nilimwomba alipe faini, akalipa, akauliza kama kuna kingine cha namba hiyo hiyo.