Demu wa gemu akikutosa, uhuru wako bado upo

Jana tena, kibanda cha PS Sinza, dogo ananiambia "bro gemu gani hii, nimechagua sura, jina, mpaka pua, halafu demu ananikataa, sasa uhuru wangu uko wapi?" Hii nimeisikia mpaka nimechoka, na mimi kuandika maongezi ya gemu ndo kazi inayonilisha, so leo mnivumilie.

Uhuru wako uko kwenye unachofanya wewe. Moyo wa mwenzio sio menyu bana.

Chukua gemu ya Skyrim ya 2011. Unavaa Amulet of Mara, mkufu wa kuonyesha unatafuta ndoa, Ysolda, dada mmoja wa humo, umeshampelekea pembe ya mammoth, basi, ndoa mji wa Riften, na hakuna anayejali mhusika wako ni mtu-mjusi au mtu-paka, mume au mke. Stardew Valley nayo, ukaribu wenu unapimwa kwa mioyo, ikifika 8 unapeleka maua, 10 unapeleka pendanti, mahari bila mjomba hata mmoja wa kukusumbua. Naipenda sana ile gemu ila tusidanganyane, pale unalipa bili, unatoa zawadi unapewa mapenzi. (Fallout 4 msiniletee, pale una ndoa na mtoto kabla hujatoka nje, huyo sio mhusika mtupu, yaani yule asiye na historia mpaka umtengeneze mwenyewe.)

Kinachoniudhi ni hiki. Mhusika akiwa mtupu, mi mwandishi sikujui, sijui una miaka mingapi, sijui ni mcheshi au umenuna, so mpenzi wako namwandikia mistari ya kumtosha kila mtu, "wewe sio kama wengine", sio kama wengine kivipi? Hata mi sijui! Nilichonacho ni namba tu ya mpenzi anavyokupenda, inapanda na kushuka. Kitu pekee cha kweli nachojua kuhusu wewe ni ulichofanya humo ndani, kwa hiyo anayekukataa kwa ulichofanya ndo wa kwanza kukuona. Baldur's Gate 3 ya 2023 wenzako wa safari hawaangalii jinsia yako, lakini geuka uungane na magoblini uwachinje watu wa kijiji cha wadruidi, Karlach, mmoja wa hao wenzako, anaondoka, na namba yako nzuri haikusaidii. Mchezaji ameamua, dunia ikajibu. Unataka uhuru gani zaidi ya huo?

Dorian, mwenzako wa safari kwenye gemu ya Dragon Age: Inquisition, anapenda wanaume tu, na ugomvi wake wote na baba yake umesimama hapohapo, mfanye ampende yeyote uone stori inavyopwaya.

Ila nami nina wasiwasi wangu. Kwenye kigemu changu nimeweka dada anayekutosa kama ulimdanganya mwanzoni, watu wanakuja kugundua baada ya masaa kibao, hasira. Nikiweka onyo, kila mtu anasema ukweli kwa ajili ya pointi, yaani tumerudi kwenye bili. Nikabadilisha tu salamu zake, zikawa fupi na za baridi, na bado wengi hawashtuki. Jamaa mmoja mpaka leo ananitext WhatsApp kuuliza ile bagi (hitilafu ya gemu) ya yule dada naitoa lini.