Dhamana ya trekta hutoka kiwandani
Wengi huamini kwamba trekta likiharibika ndani ya kipindi cha dhamana, ni lazima lirudishwe kwa wakala aliyeliuza. Kwa kawaida sivyo. Dhamana ya trekta jipya hutolewa na kiwanda, hivyo wakala yeyote aliyeidhinishwa wa chapa hiyo huweza kulitengeneza, kisha akakidai kiwanda gharama za vipuri na ufundi, mradi namba ya trekta, tarehe ya mauzo na saa ambazo injini imeshafanya kazi zithibitishe kwamba muda haujaisha. Kinachowachanganya watu, nadhani, ni kwamba wakala mwingine, hasa msimu wa kulima unapopamba moto, huweza kuwatanguliza wateja wake mwenyewe, na kucheleweshwa huko hudhaniwa kuwa kukataliwa. Ahadi za ziada za muuzaji, kama kulifuata trekta shambani bila malipo, humfunga yeye peke yake.